Spiriti, maji na mtungi wa gesi: mwongozo kamili wa nguvu za mvutano kati ya molekuli

Ukipewa majina mawili, tuseme propani na ethanoli, ukaulizwa kipi ni gesi na kipi ni kimiminika katika joto la kawaida, huhitaji kukariri jedwali lolote. Jibu limo kwenye molekuli zenyewe: ukubwa wake, umbo lake, na jinsi zinavyovutana. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua, na karibu kila hatua ina jaribio la kufanyia jikoni au kwenye maabara ya shule isiyo na vifaa vingi. Umelengwa kwa wanafunzi wa sekondari na walimu wao, ingawa anayepikia gesi nyumbani anaweza kuruka hadi hatua ya nane akakuta jambo lake.

Andaa sirinji ya mililita 20 bila sindano, vizibo vinne vya soda vinavyolingana, spiriti, maji, mafuta ya taa, mafuta ya alizeti, mafuta ya nazi, sarafu na sabuni ya maji kidogo. Spiriti na mafuta ya taa hushika moto upesi, kwa hiyo fanya kazi hii dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa.

Hatua ya 1: Tenganisha kifungo cha ndani na mvutano wa nje

Hapa ndipo alama nyingi za mtihani hupotelea. Molekuli moja ya maji ni atomi moja ya oksijeni iliyofungwa na atomi mbili za hidrojeni. Hivyo ni vifungo vya ndani, na ni imara: kuvunja moli moja (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe kwa wingi) ya vifungo vya O–H kunadai takribani kilojuli 463. Kisha kuna mvutano kati ya molekuli hiyo na jirani yake, ambao kwa maji ni takribani kilojuli 20 tu kwa moli.

Maji yanapochemka, kinachoachia ni ule mvutano wa nje. Mvuke unaotoka kwenye birika bado ni H₂O. Ungekuwa mchanganyiko wa hidrojeni na oksijeni, kila chai ya asubuhi ingelipua jiko.

Basi ukieleza kuchemka au kuyeyuka kwa kitu kilichoundwa kwa molekuli, andika kwamba joto limeshinda mvutano kati ya molekuli. Usiandike kwamba vifungo vimevunjika. Msahihishaji anaisoma sentensi ya pili kama dalili kwamba hujaelewa, na hakuonei.

Hatua ya 2: Pima nafasi iliyopo kati ya molekuli

Vuta hewa kwenye sirinji hadi alama ya 20, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kisha sukuma. Mpini unaingia hadi karibu nusu, kutegemea nguvu za mkono wako, na ukiuachia unarudi. Sasa jaza maji, gonga sirinji ili mapovu yapande, yatoe yote, ziba, sukuma tena. Mpini haubonyei. Ukibonyea hata kidogo, kuna povu lililobaki. Hilo ndilo linalobanwa.

Weka tarakimu juu ya ulichokihisi mkononi. Moli moja ya maji ni gramu 18, na ikiwa kimiminika hujaza mililita 18 hivi. Ikigeuka mvuke kwenye 100°C usawa wa bahari, moli hiyohiyo hujaza takribani lita 30, yaani zaidi ya mara 1,600. Kwenye gesi molekuli ziko mbalimbali kiasi kwamba mvutano wake karibu hauhesabiki. Ndiyo maana kanuni ya Boyle ya 1662, kwamba ukipunguza ujazo presha inapanda kwa uwiano uleule, haiulizi gesi yenyewe ni ipi. Kwenye kimiminika molekuli zimegusana ila zinateleza. Kwenye yabisi zimekaa mahali pake zikitetemeka. Hayo mnayajua tangu shule ya msingi.

Hatua ya 3: Uliza maswali manne, kwa mpangilio huu

Hatua hii ndiyo kiini cha kazi yote, na mpangilio wa maswali una maana.

Swali la kwanza: molekuli ni kubwa kiasi gani? Elektroni hazitulii. Kwa nukta ya wakati upande mmoja wa molekuli huwa na elektroni zaidi, upande wa pili pungufu, na hali hiyo inasukuma elektroni za jirani zikae kwa namna itakayoleta mvutano. Mwanafizikia Fritz London alieleza jambo hili kihesabu mwaka 1930, na nguvu hizo zinaitwa kwa jina lake. Kila molekuli inazo, hata atomi pweke za heliamu, ambayo huchemka kwenye -269°C kwa sababu ina elektroni mbili tu. Elektroni zikizidi, mvutano unazidi. Tazama familia ya halojeni: florini huchemka kwenye -188°C, klorini -34°C, bromini 59°C, iodini 184°C. Hiyo ni familia moja yenye molekuli za atomi mbilimbili na aina moja tu ya mvutano, lakini mezani ungekuta gesi mbili, kimiminika kimoja na yabisi moja.

Swali la pili: umbo lake likoje? Molekuli ndefu iliyonyooka hugusana na jirani kwa eneo kubwa kuliko iliyojikunja kama tufe. Pentani na neopentani zote ni C₅H₁₂. Ya kwanza imenyooka, huchemka kwenye 36°C. Ya pili imejikusanya, huchemka kwenye 9.5°C.

Swali la tatu: ina ncha zenye chaji? Atomi kama oksijeni huvutia elektroni kuliko kaboni, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa pili chanya kidogo. Butani na asetoni zina uzito wa molekuli unaolingana, 58. Butani haina ncha, nayo huchemka kwenye -0.5°C, asetoni inazo, huchemka kwenye 56°C. Chunga kaboni dioksaidi hapa: kila kifungo chake kina ncha, lakini molekuli imenyooka na pande mbili zinavuta sawasawa, kwa hiyo kwa ujumla haina ncha.

Swali la nne: kuna hidrojeni iliyofungwa moja kwa moja kwenye naitrojeni, oksijeni au florini? Ikiwapo, kuna bondi ya hidrojeni, ambayo licha ya jina lake ni mvutano wa nje na si kifungo cha ndani. Propanoli, uzito 60, huchemka kwenye 97°C, juu kabisa ya asetoni. Maji ndiyo mfano mkuu. Katika familia yake, H₂Te huchemka kwenye -2°C, H₂Se -41°C, H₂S -60°C. Ukiufuata mteremko huo, maji yangechemka karibu na -80°C, na dunia isingekuwa na mto wala ziwa. Yanachemka kwenye 100°C kwa sababu kila molekuli yake inaweza kushikana na jirani hadi wanne kwa bondi za hidrojeni.

Madaftari mengi yana sentensi hii: "Nguvu za London ni dhaifu kuliko zote." Ni kweli pale tu unapolinganisha molekuli za ukubwa unaokaribiana. Iodini haina mvutano mwingine zaidi ya nguvu za London, na ni yabisi. Hidrojeni floridi ina bondi ya hidrojeni, na huchemka kwenye 19.5°C. Anayekimbilia swali la nne kabla ya la kwanza ataanguka kwenye mfano huo kila mara.

Jipime sasa: propani (uzito 44), dimethili etha (46) na ethanoli (46). Ukubwa unakaribiana, kwa hiyo swali la kwanza haliamui. Propani haina ncha. Etha inazo, lakini hidrojeni zake zote zimefungwa kwenye kaboni. Ethanoli ina hidrojeni moja kwenye oksijeni. Majibu ni -42°C, -24°C na 78°C. Ukiwa umezipanga hivyo kabla ya kusoma tarakimu, endelea.

Hatua ya 4: Shindanisha vimiminika vinne

Panga vizibo vinne vya soda, mdomo juu. Kwa sirinji, tia mililita 1 ya spiriti katika cha kwanza, maji cha pili, mafuta ya taa cha tatu, mafuta ya alizeti cha nne. Vizibo ni bora kuliko kigae, maana mafuta ya taa hutandaa kwenye kigae yakawa na eneo kubwa la kuvukia, na shindano linakuwa la dhuluma. Weka kivulini penye hewa, rudi kutazama mara kwa mara.

Spiriti itaisha kwanza. Kwa sehemu kubwa ni ethanoli, yenye hidrojeni moja tu ya kushikia jirani na mkia wa kaboni usiosaidia bondi hizo. Ikiwa ni ile ya hospitali ya asilimia 70, utaona inashuka upesi mwanzoni kisha inakawia, kwa kuwa kinachobaki kinazidi kuwa maji. Maji yenyewe yatafuata, ingawa molekuli yake ni nyepesi kuliko ya ethanoli kwa zaidi ya mara mbili. Mafuta ya taa yatachelewa zaidi, na kizibo cha alizeti utakikuta kama ulivyokiacha.

Mafuta haya mawili ndiyo mtihani wa hatua ya tatu. Hayana bondi za hidrojeni za kutajika. Lakini molekuli za mafuta ya taa zina mnyororo wa kaboni kumi na zaidi, na molekuli moja ya mafuta ya alizeti ina kaboni zaidi ya hamsini. Wingi wa elektroni umeshinda.

Hali ya hewa itabadili matokeo ya maji. Tanga wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa mvuke, molekuli nyingi za maji hurudi kizibo zilikotoka. Dodoma wakati wa kiangazi maji hukauka upesi zaidi. Spiriti haijali sana, kwa kuwa hewani hakuna mvuke wa spiriti wa kurudi.

Kisha pakaa tone la spiriti mgongoni mwa mkono na tone la maji kando yake. Ubaridi wa spiriti ni mkali zaidi kwa kuwa inavuka kwa kasi, na molekuli zinazotoka ni zile zenye nishati kubwa. Zinazobaki zimepoa, nazo zinachukua joto la ngozi. Mtungi wa udongo unafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, huvukia nje, na kila gramu inayovuka huchukua takribani juli 2,440. Kupoza gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ni juli 4.18 tu. Piga hesabu: gramu 10 zikivuka kutoka mtungi wenye lita moja ya maji, na joto la nje lisingeingia, maji yangeshuka karibu nyuzi 6. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma hupoza kuliko wa Tanga, hata uwe wa mfinyanzi yuleyule.

Hatua ya 5: Uso wa maji na mnato

Weka sarafu mezani, dondoshea maji tone kwa tone. Yatajikusanya kama kuba juu ya sarafu kabla ya kumwagika. Molekuli za juu hazina jirani wa upande wa hewani, hivyo zinavutwa ndani. Rudia kwa spiriti: kuba ni fupi na linamwagika mapema, kwa kuwa mvutano wa uso wa ethanoli ni kama theluthi moja ya ule wa maji. Rudia kwa maji yenye tone la sabuni uone kuba likivunjika.

Mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kumiminika, ni suala hilohilo likiwa kwenye mwendo: molekuli zikishikana sana, haziachiani upesi ili ziteleze. Gliserini ina sehemu tatu za bondi ya hidrojeni katika kila molekuli, na humiminika taratibu kama asali. Pasha moto, itakimbia.

Hatua ya 6: Yabisi, na kisa cha mafuta ya nazi

Kwanza jua ni yabisi ya aina gani. Barafu, sukari, nta na iodini ni yabisi za molekuli, na maswali manne yanazihusu. Chumvi si molekuli: ni ayoni (atomi zenye chaji) za sodiamu na kloridi zinazovutana kwa chaji kamili, ndiyo maana huyeyuka kwenye 801°C. Chuma ni metali, 1,538°C. Almasi ni atomi za kaboni zilizofungwa zote kwa vifungo vya ndani. Kwa chumvi, chuma na almasi, ukiandika "nguvu kati ya molekuli" umepotea.

Sasa mafuta ya nazi. Dar es Salaam au Mombasa mchana chupa yake ni kimiminika angavu. Nairobi au Mbeya asubuhi ya Julai ni yabisi nyeupe unayoichota kwa kijiko. Huganda kwenye takribani 24°C. Weka kando yake mafuta ya alizeti: hayagandi kwenye baridi hiyo. Hapa swali la kwanza linakudanganya, kwa sababu molekuli za alizeti ni kubwa zaidi. Asidi kuu ya mafuta ya nazi, yaani mnyororo unaoijenga molekuli yake, ina kaboni 12, zile za alizeti zina 18.

Tofauti iko kwenye umbo. Minyororo ya nazi karibu yote imenyooka. Ya alizeti ina vifungo maradufu vinavyoipinda katikati. Kuni zilizonyooka hupangika zikashikamana. Matawi yaliyopinda huacha mianya. Ili kitu kigande, haitoshi molekuli zivutane: lazima zipate pia namna ya kupangika. Kwa sababu hiyo kiwango cha kuyeyuka hakitabiriki kirahisi kama kiwango cha kuchemka, na kwenye mtihani usipange vitu kwa kuyeyuka ukitumia ukubwa peke yake.

Barafu ni kisa kingine cha mpangilio. Bondi za hidrojeni huzipanga molekuli za maji kwa nafasi pana kuliko zinapokuwa kimiminika, hivyo maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Chupa ya kioo iliyojazwa pomoni na kusahauliwa kwenye friza itapasuka.

Hatua ya 7: Weka presha ya hewa kwenye hesabu

Kimiminika huchemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa iliyo juu yake. Mvutano kati ya molekuli ukiwa mdogo, presha hiyo inafikiwa kwa joto dogo. Lakini hewa nayo ikipungua, kiwango cha kuchemka kinashuka: karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Dar es Salaam maji huchemka kwenye 100°C. Nairobi, mita 1,795, huchemka karibu na 94°C. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu 80°C. Maharage ya Nairobi hukawia kuiva hata moto uwe mkali vipi, kwani maji yanayochemka hayapandi joto. Moto wa ziada unaongeza mvuke tu. Sufuria ya presha hugeuza hali hiyo: mvuke uliofungiwa hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu 120°C.

Hatua ya 8: Usome mtungi wa gesi

Gesi ya kupikia ni propani na butani, molekuli ndogo zenye nguvu za London tu. Moja huchemka kwenye -42°C, nyingine kwenye -0.5°C, hivyo mezani zote ni gesi. Lakini mvutano wao unatosha kiasi kwamba zikibanwa kwa presha ya wastani huwa kimiminika. Kwenye 25°C propani hudai presha kama mara 9 na nusu ya ile ya hewa, butani kama mara 2.4. Ukiutikisa mtungi unasikia kimiminika kikicheza. Lita moja ya propani kimiminika ikitoka hewani hujaza lita 270 hivi, na ndiyo maana mtungi haulazwi ubavu: kimiminika kikipita kwenye vali badala ya gesi, moto hauzuiliki.

Presha ya ndani inategemea joto na mchanganyiko, haitegemei kiasi kilichobaki. Maadamu kuna kimiminika, sehemu yake huvuka kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo nguvu ya moto haikuambii kama mtungi uko nusu au robo. Upime kwa mzani. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye chuma, mara nyingi kando ya herufi TW. Ikiwa imeandikwa 7.2 na mzani unasoma kilo 9.0, umebakiwa na kilo 1.8. Ukipika kwa muda mrefu utaona jasho, wakati mwingine hata umande ulioganda, kwenye sehemu ya chini ya mtungi: kimiminika kinavuka na kuchukua joto la chuma. Mpaka wa juu wa unyevu huo ndio usawa wa kimiminika. Usiumwagie mtungi maji ya moto ili "kuupa nguvu". Presha hupanda upesi.

Propani, yenye mvutano mdogo, huvuka kwanza. Mtungi ukikaribia kuisha, kilichobaki kina butani nyingi zaidi, na mahali penye baridi kama Limuru au Makete moto wa alfajiri hudhoofu kabla gesi haijaisha. Tena, gesi hii ni nzito kuliko hewa: propani ina uzito wa 44, hewa wastani wa 29. Ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, si dirisha la juu pekee, na usiguse swichi yoyote.

Linganisha na gesi asilia ya Songo Songo, Tanzania, ambayo karibu yote ni methani. Mvutano wa methani ni mdogo mno: juu ya -82°C hakuna presha inayoweza kuifanya kimiminika. Magari na bajaji zinazoitumia Dar es Salaam huibeba ikiwa gesi, kwa presha ya takribani mara 200 ya hewa, kwenye mitungi ya chuma kinene. Humo hamna kimiminika cha kujaza pengo, kwa hiyo geji ya presha ya bajaji inasema kweli kuhusu kiasi kilichobaki, kinyume na mtungi wa jikoni. Karibu kweli, kwa usahihi zaidi: kwenye presha hiyo molekuli za methani zimesogeleana hadi mvutano wao unaonekana tena, na mtungi uliojaa hubeba gesi nyingi kuliko hesabu ya Boyle, kwa karibu moja ya tano. Sahihisho la aina hiyo ndilo mwanafizikia Mholanzi Johannes Diderik van der Waals aliloliandika mwaka 1873, akaja kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910. Kwa dereva maana yake ni kwamba geji ikisoma 100 badala ya 200, gesi iliyobaki ni pungufu kidogo ya nusu.